Watoto wa Kuchuchumaa

Aliyekulia Mikelenge, mtaa wa mji wetu wa Kindu, Kongo, miaka ya 1970 ana mtoto mmoja wa namna hii kichwani, hata kama siye yule ninayemkumbuka mimi. Wetu alikuwa mwana wa jirani. Alipenda mpira kutushinda sote. Anakimbia hatua chache, halafu anaacha, anachuchumaa pale pale katikati ya uwanja, magoti kifuani, mikono imeizunguka miguu, mabega yanapanda na kushuka. Hatukumngoja. Mpira uliendelea pembeni yake, na baada ya kitambo aliinuka akaingia tena mchezoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino tuliotumia shuleni. Ncha za vidole vyake zilikuwa nene, na kucha zimebinuka.

Watu wazima walikuwa na maelezo yao. Bibi mmoja wa mtaani alisema damu ya mtoto ni kidogo. Wengine walinong'ona kwamba kuna mtu wa ukoo anayemla. Mama yake alimchemshia majani ya ngaingai anywe maji yake mekundu, akampaka mawese kifuani, akampeleka kuombewa. Sikubali mtu awaite wajinga watu hao. Waliona kile kile ambacho daktari wa watoto wa Paris angekiona: rangi ya midomo, umbo la kucha, pumzi fupi, na kule kuchuchumaa. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba mambo hayo manne ni habari moja.

Mtu akichuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa. Damu inayotoka moyoni ikikuta njia ya miguuni ni ngumu kupita, sehemu yake kubwa zaidi husukumwa kwenda mapafuni kuchukua hewa. Mtoto aliyezaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vikubwa vya moyo, na pamoja nalo njia nyembamba ya kwenda mapafuni, hulijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Étienne-Louis Arthur Fallot, daktari wa Marseille, aliieleza kasoro hiyo yenye sehemu nne mwaka 1888, na mpaka leo waganga wanaiita kwa jina lake. Miaka 80 na zaidi baadaye, kwenye uwanja wetu wa vumbi, mtoto alikuwa akijitibu mwenyewe mbele ya macho ya mtaa mzima.

Alifariki msimu wa mvua, kabla hatujamaliza shule ya msingi. Kwenye matanga walisema ni homa. Inawezekana homa ilikuwepo kweli. Kindu kuna malaria mwaka mzima, na mtoto wa moyo mbovu hana akiba ya nguvu ya kupambana nayo.

Nimekuwa nikimfikiria sana tangu niliposoma kwamba kasoro za moyo za kuzaliwa nazo zimeongezeka duniani. Swali la kwanza lililonijia ni hili: zimeongezeka kuliko zipi? Kuliko zile zilizohesabiwa, au kuliko zile zilizokuwepo?

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa mkunga kwenye materinite moja ya mjini. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, alinipa kazi ya kupiga mistari kwenye rejista, daftari kubwa la jalada gumu. Nilipiga kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina la mama, mtaa, mimba ya ngapi, jinsia ya mtoto, uzito, na mwishoni safu pana ya maelezo. Vifaa vyake vilikuwa koni ya mbao ya kusikilizia tumbo la mama, mizani ya kutundika, saa ya mkononi iliyochelewa, na masikio yake. Aliweza kujua kwa kushika tu kwamba mtoto amelala vibaya tumboni. Kwa mkono ule ameleta duniani nusu ya mtaa wetu.

Mama akirudi na mtoto wa wiki chache, mazungumzo yalikuwa hivi, na niliyasikia mara nyingi nikiwa nimeinamia rejista:

"Mama, mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, mama, lakini anachoka. Anavuta kidogo, anaacha, anahema. Jasho linamtoka kwenye kichwa."

"Asubuhi hii ya baridi?"

"Hata asubuhi, mama. Nguo inalowa."

Shangazi alimtundika mtoto kwenye mizani, akatazama sindano ya kipimo, akatikisa kichwa. Uzito ulikuwa pale pale, au umeshuka. Kwenye safu ya maelezo aliandika: anadhoofika. Kama mtoto hakurudi tena, habari ilifika kwa majirani, na yeye akaongeza neno la pili: homa, kikohozi, surua, kuhara, upungufu wa damu. Nilizipitia kurasa zile kwa miaka kadhaa nikiwa mvulana. Neno moyo halikuwemo.

Leo mwanafunzi yeyote wa uuguzi anafundishwa kwamba mtoto mchanga anayetoka jasho akinyonya, anayeacha titi ili ahemee, asiyeongezeka uzito, lazima moyo wake usikilizwe. Kunyonya ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto wa umri huo. Moyo unaovuja hauiwezi. Mama zetu waliileta dalili mpaka mlangoni, kwa maneno yaliyo sahihi kabisa, na rejista ikaipokea kama udhaifu.

Kwa hiyo kama mtu angefika Kindu mwaka 1975 na kuuliza watoto wangapi huzaliwa na moyo wenye kasoro, kitabu kingemjibu: hakuna.

Jibu hilo halikuwa la Kindu peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walikusanya tafiti 114 kutoka sehemu nyingi za dunia, zenye watoto zaidi ya milioni 24 waliozaliwa hai. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 hesabu ilikuwa watoto 0.6 katika kila 1,000. Baada ya 1995 ikawa 9.1. Ni ongezeko la mara kumi na tano katika maisha ya mtu mmoja. Ukiisoma bila kutulia utadhani kuna sumu imemwagwa duniani, hewani au majini, ikaingia matumboni mwa akina mama.

Ukweli ni kwamba mwaka 1930 kasoro ya moyo ilijulikana hasa kwa njia mbili, kwa sikio na kwa kisu cha kupasulia maiti. Maude Abbott, daktari wa Montreal, alichapisha mwaka 1936 kitabu chenye picha za kasoro 1,000, nyingi kati yake zikitoka kwa watu waliokwisha kufa. Kwa mtoto aliye hai, kulijua tatizo hakukumsaidia kitu, na daktari hatafuti kwa bidii jambo asiloweza kulitibu. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1938, Robert Gross wa Boston alipofunga kwa uzi mshipa ambao ulipaswa kujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa. Mwaka 1944, Baltimore, Alfred Blalock na Helen Taussig, pamoja na Vivien Thomas, fundi mweusi aliyeibuni na kuijaribu njia hiyo maabarani, waliwapa watoto wa rangi ya samawati njia mpya ya kupeleka damu mapafuni. Wale walikuwa watoto wa kuchuchumaa, kama wetu. Ghafla kulikuwa na sababu ya kutafuta.

Halafu ikaja mashine. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliuona moyo ukitembea kwa kutumia mawimbi ya sauti, kwa chombo kilichotengenezwa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Vizazi vya mashine vilivyofuata vilionyesha vyumba vya moyo, kisha mwendo wa damu kwa rangi. Tundu la milimita mbili, ambalo halimsumbui mtoto na ambalo mara nyingi hujifunga lenyewe kabla hajaanza shule, likaanza kuonekana, kuandikwa na kuhesabiwa. Mapitio mengine makubwa, ya mwaka 2019, yaliyotazama karibu nusu karne kuanzia 1970, yalikuta kwamba zaidi ya asilimia 93 ya ongezeko lote linatokana na kasoro nyepesi za aina hiyo: matundu madogo kwenye kuta za moyo na ule mshipa usiojifunga. Kilichoongezeka zaidi ni macho.

Katika tafiti zile za Rotterdam, Afrika ilikuwa na hesabu ya chini kuliko mabara yote: watoto 1.9 kwa kila 1,000. Ulaya 8.2, Asia 9.3. Katika mapitio ya 2019 Afrika ilifika 2.3 hivi. Namba hiyo inanichoma kila nikiiona. Waliozikusanya wenyewe walionya kwamba ni upungufu wa vipimo, lakini namba ikishachapishwa husafiri peke yake, bila onyo lake, na ofisini mtu anayepanga bajeti huiona na kuamua kwamba jambo hili si letu. Moyo wa mtoto hujengwa katika wiki nane za kwanza za mimba, wakati mama wengine bado hawajajua kama wana mimba. Hujengwa kwa utaratibu ule ule hapa kwetu Alunguli na kule Rotterdam. Ukichukua hesabu ya kawaida ya 8 au 9 kwa kila 1,000, basi kati yao karibu robo wana kasoro nzito, zinazohitaji mkono wa daktari katika mwaka wa kwanza wa maisha. Hao ndio waliojaza safu ya maelezo ya shangazi.

Mkoa wetu unajua kuhesabu, na hili nalisema kwa fahari. Kusini ya Kindu, pale Kasongo, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, waganga wa Kongo na wenzao kutoka taasisi ya tiba ya nchi za joto ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga mtandao wa vituo vya afya na hospitali ambao hadi leo husomwa na wanafunzi wa afya ya jamii duniani kote. Walifuatilia watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, wakachapisha matokeo mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Waliuliza swali gumu ambalo wengi walilikwepa: mtoto aliyeokolewa na surua, anaishi, au anakuja kuchukuliwa na kitu kingine baadaye? Utafiti ule haukugusa mioyo. Lakini swali lile naliona ndilo la watoto wangu wa kuchuchumaa. Mtoto mwenye tundu moyoni ndiye wa kwanza kuangushwa na surua au nimonia. Ugonjwa uliomaliza kazi ndio ulioandikwa, na uliomtangulia tangu tumboni ukazikwa naye.

Sasa surua haiui kama zamani, ijapokuwa bado inaturudia. Kwa nchi nzima, uchunguzi wa kitaifa wa 2007 ulikuta watoto 148 katika kila 1,000 wanakufa kabla ya kufika miaka mitano. Ule wa 2013 na 2014 ukakuta 104. Bado ni msiba. Hata hivyo maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi walio dhaifu wanaishi muda wa kutosha kufika mbele ya mtu mwenye stetoskopu. Mji wetu utaona watoto wengi wa moyo, na watu watauliza ugonjwa huu mpya umetoka wapi.

Tumeshaliona jambo kama hilo kwa ugonjwa wa SS, yaani selimundu. Zamani watoto wa SS walikuwa "watoto wa mifupa," au watoto wa damu kidogo, hesabu yao haijulikani. Kisha Kinshasa wakapima watoto wachanga zaidi ya 31,000, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba asilimia 1.4 wamezaliwa na ugonjwa huo kamili. Hakuna aliyesema SS imeletwa na kipimo. Lakini SS ilipimwa kwa tone la damu ya kisigino juu ya karatasi. Moyo hauji kwenye karatasi. Unataka mashine, unataka umeme usiokatika katikati ya kazi, na zaidi ya hayo unataka mtu aliyefundishwa kuitazama picha ya moyo mdogo unaopiga zaidi ya mara 120 kwa dakika.

Kuna pia ugonjwa wa moyo usio wa kuzaliwa nao, unaochanganywa na huu. Koo linauma, mtoto hapewi dawa, viungo vinavimba, na milango ya moyo inaharibika. Kinshasa, katika utafiti wa wanafunzi uliochapishwa 1998, walikutwa watoto 14 kwa kila 1,000 wenye ugonjwa huo. Kwa sikio peke yake si rahisi kuutenganisha na tundu la kuzaliwa nalo, na wa kwetu wengi wamepewa jina moja la "ugonjwa wa moyo," wakafa nalo.

Sisemi hakuna kitu kilichobadilika katika mimba zenyewe. Kuna mambo ambayo kweli yanaongeza au kupunguza kasoro, na ni vibaya kuyafunika kwa kusema ni macho tu. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, Australia, aliona watoto wengi wenye mtoto wa jicho, akawasikiliza mama zao na kugundua kwamba walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Wengi wa watoto hao walikuwa pia na mioyo mibovu. Marekani, mlipuko wa 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 wenye ulemavu wa rubela. Leo, nchi iliyochanja watu wake vizuri inaweza kumaliza miaka bila kuona mtoto wa namna hiyo. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2014, Kenya mwaka 2016. Sisi tulibaki miaka mingi na chanjo ya surua peke yake, wakati damu za watoto wetu walioshukiwa kuwa na surua, zikipimwa Kinshasa, zilionyesha mara kwa mara kwamba ugonjwa ulikuwa rubela. Vipele vidogo, homa ndogo, mtoto anapona kwa siku tatu. Na dada yake mwenye mimba changa amelala naye mkeka mmoja.

Liko pia jambo la chakula. Mwaka 1998 Kanada iliamuru unga wa ngano utiwe asidi ya foliki, na katika jimbo la Quebec watoto wanaozaliwa na kasoro nzito za moyo walianza kupungua mwaka hadi mwaka. Nimelifikiria hilo nikitazama sufuria ya sombe. Majani ya muhogo yana foliki, lakini sisi tunayatwanga, tunayachemsha saa nyingi, tunayarudia kesho yake, na foliki haivumilii moto. Vidonge vya foliki hutolewa kwenye kliniki ya wajawazito, lakini mama wa Kindu hufika kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Moyo wa mtoto umeshamaliza kujengwa zamani. Ongeza kisukari cha akina mama, ambacho zamani kilikuwa habari ya watu wachache wa mjini, na baadhi ya dawa za kifafa zinazotumiwa bila mtu kuuliza kama mwenye kuzimeza ana mimba. Hayo yanaweza kuongeza kasoro kweli. Lakini kuyapima utahitaji kwanza kujua ulipoanzia, na sisi mwanzo wetu ni ile rejista isiyo na neno moyo.

Mwaka huu mjukuu wa shangazi alijifungua mtoto wa kike. Kabla hawajatoka, muuguzi kijana alimbana mtoto kifaa kidogo mkono wa kulia, kisha mguuni, akasubiri namba zitulie. Kifaa hicho watu wengi walikifahamu wakati wa korona, mwaka 2020. Kinapima hewa iliyomo katika damu, kinachukua dakika chache, hakimuumizi mtoto, na kinaweza kumgundua yule ambaye midomo yake ingekuja kuwa ya wino. Marekani ilikipendekeza kwa watoto wachanga wote mwaka 2011. Kwetu kinategemea kama kipo na kama betri ipo. Namba za mtoto zilikuwa nzuri, na furaha ilikuwa kubwa.

Kifaa hicho lakini hakioni tundu dogo, kwa sababu damu inayopita hapo imeshapata hewa yake. Wiki chache baadaye, siku ya chanjo, daktari aliweka stetoskopu kifuani mwa mtoto na kukaa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Alisikia sauti ya kupuliza katikati ya mapigo. Hakumtisha mama. Alimwambia, "Mama, mtoto anakua vizuri, lakini kuna sauti nataka wenzangu waitazame." Kisha akamgeukia shangazi, ambaye amepita umri wa miaka 80 na asiyekubali kuachwa nyumbani siku za kliniki, akamvisha stetoskopu masikioni na kumshikia mahali penyewe.

Shangazi alisikiliza. "Hii," alisema, "ni kama mtu anapuliza moto." Akaomba asikilize tena. Alipoivua alianza kutaja akina mama: yule wa kando ya reli, yule mke wa mvuvi wa Alunguli aliyekuja kwa mtumbwi, yule aliyepoteza watatu mfululizo. Hakuwa akilaumu mtu. Alitaka kujua kutoka kwa kijana yule kama watoto wao nao wangekuwa na sauti hii, na wangapi kati yao wangepona. Daktari alimjibu kwa heshima na kwa ukweli: baadhi ya matundu yangejifunga yenyewe, baadhi yangehitaji upasuaji, na miaka ile upasuaji wenyewe haukuwepo karibu.

Ni kweli haukuwepo. Taasisi ya moyo ya Uganda, pale Mulago, ilianzishwa 1988, na upasuaji wa moyo wazi ukaanza huko 2007. Muhimbili, Dar es Salaam, ulianza 2008, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ikafunguliwa hapo 2015; siku hizi inapokea hata wagonjwa wa nchi jirani. Hizo zote ni habari za juzi. Lakini huzuni yangu iko mahali pengine. Katika miaka ya utoto wangu, ukifika stesheni ya Kindu, treni ilikuwepo. Ilikwenda Kabalo, kutoka hapo Kalemie ukavuke ziwa hadi Kigoma, au ushuke mpaka Lubumbashi. Ilichelewa, ilijaa watu, mbuzi na magunia ya mpunga, lakini ilifika. Njia ilikuwepo, jina la ugonjwa halikuwepo. Halafu vikaja vita vya 1996 na 1998, reli ikakatika kwa miaka, mji ukawa kisiwa cha baiskeli na ndege. Sasa jina lipo, na kila mara njia inakatika upya. Mgonjwa wa Kindu aliyehitaji mtaalamu alikuwa akitazama Goma au Bukavu. Tangu Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege kufungwa, na Bukavu ikafuata Februari, tumebaki tunatazama Kinshasa, ng'ambo ya nchi nzima, kwa tiketi inayozidi mshahara wa miezi mingi wa mwalimu.

Mtoto wetu na mama yake walikwenda Kinshasa. Tundu limeonekana, liko kwenye ukuta wa misuli kati ya vyumba viwili vikubwa, ni dogo. Daktari wa huko aliwachorea kwenye karatasi, akawaambia hakuna dawa wala kisu kwa sasa, mtoto anyonye, achanjwe, apimwe uzito, na arudishwe atazamwe tena kabla hajatimiza mwaka. Ile karatasi imekunjwa ndani ya kadi yake ya chanjo. Nimeomba kituo kiandike jambo hilo kwenye rejista yao pia, na kwa kuwa hakuna safu yake, muuguzi ameliandika pembezoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Sasa ni habari ya tiketi ya pili. Mama wa mtoto ni mmoja wa akina mama wauza mpunga wa soko kuu, na wana likelemba yao, mchango wa kupokezana wa kila mwezi. Zamu yake ilikuwa ya mwisho. Walipokutana Jumamosi, aliyekuwa apokee mwezi huu alikuwa na bati za nyumba za kununua, naye akasema mvua bado, bati zingoje. Wengine wawili waliomfuata nao wakakubali kusogea. Fedha zimehesabiwa, bado hazitoshi kwa mama na mtoto pamoja. Zinatosha nauli moja na sehemu ya pili. Kinachobaki kinatafutwa kwenye ukoo, na shangazi ameshatuma ujumbe Kasongo.